Lenzi ndefu mkononi bila tripodi: mwongozo kamili wa kutumia kituliza mtikisiko nchini Uganda

Lenzi ndefu za zumu si mali ya watalii peke yao tena. Leo utamkuta nayo mwongoza watalii wa ndege kwenye kinamasi cha Mabamba, kijana anayepiga picha za mechi uwanjani Namboole, hata mpigapicha wa harusi Ntinda anayetaka uso wa bibi harusi bila kumsogelea pale altareni. Nyingi, kuanzia 70-300mm hadi 150-600mm, zina kituliza mtikisiko ndani yake. Canon huandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Sigma OS, Tamron VC. Majina ni mengi, kazi ni ileile. Lenzi ya kwanza ya aina hii kwa kamera za kubadilishia lenzi ilikuwa ya Canon, 75-300mm, iliyotoka mwaka 1995. Nikon walifuata na 80-400mm mwaka 2000.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla hatujaingia kwenye hatua zenyewe, maana hatua zote zinatoka hapo: kituliza kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mnyama. Ndege akigeuza kichwa, mchezaji akiruka, boda ikipita, kituliza hakina la kufanya. Wengi wanaolalamika kwamba lenzi yao ni mbovu wameichanganya mitikisiko hii miwili.

Kinavyofanya kazi

Ndani ya lenzi mna vihisi vidogo vinavyopima kamera inavyoinama juu na chini na inavyogeuka kushoto na kulia. Vipimo hivyo vinapelekwa mara nyingi mno kwa sekunde kwenye kifaa kinachosukuma kundi la vioo upande wa pili wa mtikisiko, ili taswira ibaki palepale kwenye sensa, yaani kipokezi cha mwanga ndani ya kamera. Ni kama mama aliyejitwika ndoo ya maji: miguu inatembea, lakini shingo inasahihisha kila hatua na maji hayamwagiki. Lenzi haiwezi kurekebisha kamera inapozunguka kama usukani. Hilo linarekebishwa na kituliza kilichomo kwenye mwili wa kamera, na kamera nyingi mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinacho. Ukiwa na vyote viwili, kwa kawaida hufanya kazi pamoja bila wewe kuhangaika.

Hatua ya kwanza: jua kasi yako ya msingi

Kanuni ya wazee inasema kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaingiza mwanga, isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Kwa 400mm hiyo ni 1/400 ya sekunde. Lakini kama kamera yako ni ya sensa ndogo (APS-C), zidisha kwanza urefu kwa 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm, au kwa 1.6 kwa Canon. Kwa hiyo 400mm kwenye Canon ya sensa ndogo inadai 1/640. Hiyo ndiyo kasi bila kituliza.

Kisha angalia boksi la lenzi limeandika hatua (stops) ngapi za kituliza. Kila hatua moja inakuruhusu kupunguza kasi kwa nusu. Hatua nne kutoka 1/640 ni 1/320, 1/160, 1/80, halafu 1/40. Ni faida kubwa, ila usiichukue kama ahadi uliyopewa wewe binafsi. Idadi hiyo hupimwa kwa mtambo wa maabara, kwa utaratibu uliowekwa na CIPA, chama cha watengeneza kamera cha Japani. Mtambo haupumui, haunywi chai ya rangi asubuhi, wala haujapanda mlima. Mimi huanza kwa kuhesabu hatua mbili pungufu ya zile za boksi, halafu nayaachia majaribio ya hatua inayofuata yaniambie ukweli.

Hatua ya pili: pima kikomo cha mkono wako mwenyewe

Hili watu hawalifanyi, nami naliona ndilo lenye thamani kuliko yote humu. Unahitaji gazeti tu. Bandika ukurasa mzima wa Bukedde au New Vision kwenye ukuta ulio kivulini, mahali penye mwanga wa kutosha. Simama hatua ishirini kutoka hapo, vuta zumu hadi mwisho, weka kamera kwenye hali ambayo wewe unachagua kasi, na uiachie ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, ijipange yenyewe.

Washa kituliza. Piga picha kumi kwa 1/500, kumi kwa 1/250, kisha 1/125, 1/60, 1/30. Usizipige mfululizo. Baada ya kila picha teremsha kamera, ipandishe tena, weka fokasi upya, maana ndivyo utakavyofanya mbele ya ndege. Baadaye zima kituliza urudie zote.

Nyumbani zifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia mia, sio kwenye kioo kidogo cha kamera kinachoifanya kila picha ionekane kali. Tazama herufi ndogo za habari, si kichwa cha habari. Hesabu zilizosomeka vizuri. Kasi ya chini kabisa inayokupa saba kati ya kumi ndiyo kikomo chako. Iandike kwenye karatasi uibandike chini ya kamera. Mtu mmoja atakuta ni 1/125 kwa 400mm, mwingine 1/40. Hakuna aibu katika namba yoyote. Aibu ni kutoijua.

Halafu fanya jaribio la mwisho: panda ngazi za ghorofa mbili tatu mbio, au kimbia kuzunguka nyumba, na hapohapo upige tena zile kumi. Msitu wa Bwindi uko kati ya mita 1,160 na 2,607 kutoka usawa wa bahari, na njia ya kuwafikia sokwe-milima (gorila) ni miteremko na matope. Utawafikia ukiwa unahema, na mkono utakaoshika lenzi ni huo unaohema. Kikomo chako cha pili, kile cha pumzi nzito, mara nyingi kitahitaji kasi mara mbili ya kile cha nyumbani. Jua vyote viwili.

Hatua ya tatu: shika lenzi, usishike kamera

Mkono wa kushoto uende chini ya lenzi, kiganja kikiangalia juu, karibu na pale uzito unapolingana. Kwa lenzi ndogo kama Canon RF 100-400mm, yenye gramu 635, hilo ni rahisi. Kwa Sony 200-600mm au Nikon 200-500mm, ambazo zinavuka kilo mbili, sogeza kiganja mbele mpaka uhisi mkono wa kulia haubebi chochote. Mkono wa kulia kazi yake ni kitufe na magurudumu tu. Ukiona kidole gumba cha kulia kinauma, jua unabeba uzito kwa mkono usiopaswa.

Viwiko vibane mbavuni. Vikipanuka pembeni kama mabawa, mtikisiko unaanzia begani. Mguu wa kushoto utangulie kidogo, magoti yalegee. Kamera igandamize nyusi, ili kichwa, mikono na kamera viwe kitu kimoja. Vuta pumzi, itoe taratibu, na ubonyeze mwishoni mwa kutoa, kabla hujavuta nyingine. Kubonyeza kwenyewe kuwe kwa kukamua. Ukigonga kitufe unaisukuma kamera chini wakati uleule unaoitaka itulie.

Palipo na mti, nguzo ya geti au ukuta, egemea. Ukiweza kukaa, kaa, weka viwiko juu ya magoti kwa ndani, sio mfupa juu ya mfupa.

Sasa kitufe. Kibonyeze nusu, subiri. Kwa lenzi nyingi utasikia mvumo mdogo na utaona taswira kwenye kitazamio ikiruka kidogo halafu ikitulia kana kwamba imenata. Inachukua kama nusu sekunde hadi sekunde moja. Ukipiga kabla haijanata, unaweza kuharibu picha ambayo bila kituliza ingekuwa nzuri. Piga tatu mfululizo: ya kwanza hubeba msukumo wa kidole, ya pili au ya tatu mara nyingi ndiyo kali. Wanaotumia kitufe cha nyuma kwa fokasi wajue kwamba kwa lenzi nyingi za VR kwenye kamera za Nikon zenye kioo cha ndani (DSLR), kitufe cha AF-ON peke yake hakiwashi kituliza. Lazima pia ubonyeze shata nusu.

Hatua ya nne: swichi za pembeni

Kwenye Canon, hali ya 1 hutuliza pande zote na ndiyo ya kazi za kawaida. Hali ya 2 huacha upande unaofuatisha kamera na kutuliza ule mwingine, basi ni ya gari, boda au ndege anayepita mbele yako kwa mstari. Kwenye lenzi zenye hali ya 3, kituliza husubiri mpaka shata inapofunguka, jambo linalofaa kwa mchezo wenye mwendo usiotabirika. Nikon wana Normal na Sport; Sport ni nzuri kwa ndege warukao kwa sababu taswira kwenye kitazamio hairukiruki unapowafuata. Makampuni mengine yana namba zao, soma kijitabu chako.

Je, kizimwe lini? Ukiweka kwenye tripodi lenzi ya zamani, kizime, maana baadhi yake hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha zenyewe. Lenzi mpya nyingi zinajua ziko kwenye tripodi. Ukipiga kwa 1/2000, kituliza hakikuongezei mengi kwenye picha. Watu hubishana kama kizimwe kabisa. Mimi nakiacha, kwa sababu kitazamio kilichotulia kinanisaidia kushikilia nukta ya fokasi kwenye jicho.

Hatua ya tano: kasi ya kiumbe kwanza, kikomo chako baadaye

Kila mara jiulize mambo kwa mpangilio huu. Huyu anakwenda kasi gani? Chagua kasi ya kumzuia. Je, kasi hiyo iko juu ya kikomo changu? Kama ndiyo, piga. Kama hajitikisi kabisa, ndipo ushuke hadi kikomo chako na ukitumie kituliza kikamilifu, ISO ikishuka nayo.

Kwa ndege aliyetua anayegeuzageuza kichwa mimi huanzia 1/500. Tembo anayetembea, 1/500 pia. Mchezaji wa mpira, 1/1000. Furukombe anayeteremka kunyakua samaki, 1/1600 au zaidi. Mdiria anayepiga mabawa akiwa amesimama hewani, 1/2500 kama mwanga upo.

Njia rahisi ya kulisimamia hili ni hali ya M pamoja na ISO ya kujipanga yenyewe: unachagua kasi na uwazi wa lenzi, kamera inapanga ISO. Usiiogope ISO 3200 wala 6400. Chembechembe zinasafishika kwa programu. Picha iliyocheza haitengenezeki.

Mahali na mahali

Mazoezi yaanzie Kampala. Kaloli, wale korongo wenye upara, wako juu ya miti na mapaa, wakubwa, watulivu, hawatozi kiingilio. Piga kaloli aliyesimama kwa kikomo chako, halafu akiruka panda hadi 1/1250 kwa kugeuza gurudumu bila kuondoa jicho kwenye kitazamio. Rudia mpaka kidole kijue njia. Bustani ya mimea ya Entebbe nayo ina ndege wengi na mbega weupe kwa weusi, na kivuli chake kinakufundisha kupiga kwenye mwanga mdogo. Kwa hali ya 2, mwambie kaka wa boda wa steji yenu apite mbele yako mara kadhaa kwenye barabara tulivu, umlipie mafuta. Weka 1/60, zungusha kiuno ukimfuata, bonyeza akiwa sambamba nawe, na uendelee kumfuata hata baada ya shata kufunga. Mandhari itakuwa michirizi, uso wake utabaki. Lenzi ndefu huonekana kutoka mbali, kwa hiyo usiielekeze kwenye kambi, askari au mabwawa ya umeme, na mtu ambaye hajakupa ruhusa mwache.

Mabamba ni mtihani wa pekee. Korongo-nyangumi, ambaye Waganda humwita bbulwe, anaweza kusimama muda mrefu bila kutingishika akimvizia kamongo. Kwa mnyama hata 1/60 ingetosha. Tatizo ni mtumbwi. Unayumba polepole, kwa upana ambao kituliza hakikuundiwa, na kila anayebadilisha mkao anauyumbisha upya. Mwombe mwendesha mtumbwi atulize pondo, abiria wenzako watulie, kisha wewe ukae chini kabisa, sio kwenye ukingo. Panda hadi 1/250 au 1/320. Halafu weka kidole tayari kwenye gurudumu la kasi: bbulwe akiinamisha kichwa na kuanza kusogeza uzito mbele, una sekunde chache kufika 1/1600 kabla hajajitupa majini.

Kwenye mfereji wa Kazinga, unaounganisha maziwa George na Edward, boti ni kubwa na haiyumbi sana, ila injini yake inatetemesha kila chuma. Usiegemeze lenzi wala kiwiko kwenye reli. Mtetemo wa injini ni wa haraka na mwembamba, na unapita moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Simama kwa miguu yako, magoti yalegee yanyonye mtetemo, lenzi iwe hewani. Ndivyo ilivyo pia kwenye gari kule Ishasha unapowatafuta simba juu ya mitini: mwombe dereva azime injini, na abiria wasisogee. Hapo, injini ikizimwa, sasa egemea. Kifuko kitupu cha kitambaa kigumu chenye zipu hakina uzito safarini. Nunua kilo mbili tatu za maharage kwenye soko la njiani, kijaze, kiweke kwenye dirisha, ulaze lenzi juu yake. Safari ikiisha maharage yanapikwa.

Msitu ni habari nyingine. Bwindi na Kibale ni giza hata saa sita mchana, fleshi hairuhusiwi kwa sokwe-milima, na una saa moja tu nao. Walinzi watakuweka umbali wa mita 7 hadi 10, kwa hiyo 600mm haina kazi. Itakupa pua tu. Lenzi ya 70-200mm yenye uwazi wa f/2.8 inaingiza mwanga mara tano ya lenzi inayoishia f/6.3, na hapo ndipo inapolipa bei yake. Ukiwa na 100-400mm, baki upande wa chini wa zumu ambako uwazi ni mkubwa. Sokwe-milima anayetafuna majani ana vituo: anatafuna, anasita, anatazama. Piga pale anaposita, kwa 1/125 au karibu na kikomo chako cha pumzi nzito. Manyoya meusi huidanganya kamera ikaongeza mwanga usiohitajika; punguza mwanga (exposure compensation) kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua nzima, utapata rangi ya kweli na ISO ya chini zaidi kwa wakati mmoja. Sokwe-mtu wa Kibale hawana subira hiyo. Kwao 1/320 ndiyo chini kabisa.

Saa nazo zina neno. Hapa kwenye ikweta jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi mwaka mzima na kupanda haraka. Kuanzia saa nne hivi, kwenye mbuga za wazi, hewa juu ya ardhi yenye joto huanza kucheza. Swala aliye mita 150 atatoka kama anaonekana kupitia maji, na hakuna kituliza, tripodi wala lenzi ghali itakayokuokoa. Sogea karibu au subiri jioni.

Kusoma picha iliyoharibika

Usifute picha mbaya kabla hujaisoma. Ivute hadi asilimia mia utazame jicho, halafu nyasi zilizo chini ya miguu ya mnyama.

Kama nyasi ni kali na jicho lina ukingo wa pili kama kivuli chake, mnyama alisogea: ongeza kasi. Kama kila kitu, jicho, nyasi na jani la nyuma, kina mchirizi unaoelekea upande mmoja, ni mkono wako au chombo ulichokaa ndani yake. Mchirizi wa juu-chini mara nyingi ni kidole kilichogonga kitufe. Kama hakuna mchirizi popote lakini jani lililo nyuma ya sikio ni kali kuliko jicho, hiyo ni fokasi, kituliza hakihusiki. Na kama kingo zote zimejipinda kidogo, kila picha ya mfululizo ikijipinda tofauti na mwenzake, ni joto la hewa. Ukishayatenganisha haya manne utajua cha kubadilisha papo hapo, ukiwa bado mbele ya mnyama.

Baada ya kazi

Zima kamera na usubiri kituliza kinyamaze kabla ya kuchomoa lenzi. Ukiitingisha lenzi iliyozimwa na kusikia kitu kinagonga ndani, usishtuke. Kwa lenzi nyingi ni lile kundi la vioo lililo huru. Vumbi jekundu la barabara za murram hunyonywa ndani zumu inapovutwa na kurudishwa, basi pangusa mrija kwa brashi ukiwa umerefushwa, kabla hujaurudisha. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia kwenye joto la mbuga ya Murchison, acha lenzi ndani ya begi lililofungwa kwa dakika ishirini hivi, la sivyo kioo cha mbele kitajaa umande. Funga kufuli ya zumu unapotembea, maana lenzi nzito hujirefusha yenyewe ikining'inia, na ubebe lenzi kwa mkanda ulioshikizwa kwenye pete yake ya tripodi, sio kwenye kamera.